Namba ya Ukutani: Kutoka Kitengela Mpaka Arusha na Kurudi

Ule mwaka Kitengela yote ilikula miguu ya kuku, ndio mwaka nilienda Tanzania. Tarehe usiniulize. Ukikumbuka vile hata watu wa magari makubwa walikuwa wanasimama kando ya barabara, wanashusha kioo nusu, wanaitisha miguu sita na shingo mbili kwa sauti ya chini kama mtu anayenunua bangi, basi umeshajua ni mwaka gani. Kuku mwenyewe alikuwa anapita kwa lori akienda hoteli za Nairobi, na sisi tunampungia mkono.

Niliondoka kwa sababu msichana wangu Mwende alijifungua. Ameolewa Arusha na kijana anaitwa Elibariki, mtu mpole, anachomeka shati hata Jumamosi. Kwetu Ukambani, mama ndiye huenda kumpikia mzazi uji na kuosha mtoto mpaka shingo ikae. Najua wazee watasema mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe. Sawa. Nikilala kwa jirani, ni nani ataamkia huyo mtoto, wazee?

Kilichokaribia kunizuia ni ukuta. Niko na ploti Isinya, futi hamsini kwa mia, nilinunua na pesa ya mayai wakati watu walikuwa wananicheka kwamba nimenunulia fisi mahali pa kulala. Leo fisi amehama, na hiyo ploti kila mtu anaimezea mate. Na mnajua pande zetu. Ukienda matanga ya mjomba, unarudi unapata mtu ameshachimba msingi kwa shamba yako na anakuuliza wewe ni nani. Kwa hivyo nilijenga ukuta mmoja, wa mbele tu, nikaita kijana wa kuchora magari aniandikie kwa rangi nyekundu. Alitaka kuongeza maua na simba. Nikamwambia andika vile nasema, herufi kubwa, mpaka mtu aliye ndani ya basi asome:

SIUZI, SIHAMI, NA NAMBA NI HII.

Chini yake ikaja namba yangu ya simu.

Huku kwetu mnunuzi mwenye akili, kabla hajatoa pesa kwa broka, yule dalali wa ploti, hupiga kwanza namba ya ukutani. Simu ikishikwa, mwenyewe yuko. Simu ikisema mteja hapatikani, broka anapiga makofi: umeona? Mwenyewe alikufa, watoto ndio wanauza. Huko Isinya simu ikizima, na wewe umezikwa. Ndiyo maana yangu sizimi hata kanisani. Pasta aliacha kunikemea kitambo.

Kitengela, asubuhi. Mutua, jirani yangu, huenda Namanga na pikapu kuleta vitunguu. Akanipa kiti cha mbele na harufu ya vitunguu vya wiki iliyopita. Kuku wangu nilimwachia Mama Nashipae, rafiki yangu Mmaasai wa Isinya, ambaye pia huniangalilia ploti. Kwa haraka ya kufunga kibanda nilisahau kununua kredi, basi nikakopa kidogo kwa kampuni ya simu, ile ya kukopa ukibonyeza namba. Kumbukeni hiyo kredi ya kukopa.

"Susu, hiyo simu yako ni ya mwaka gani?" Mutua akaniuliza. Susu ni bibi kwa Kikamba.

"Ni ya mwaka inafanya kazi."

"Si uchukue ya kulipa polepole? Kioo kikubwa, unalipa kila siku kidogo kidogo."

Nikamkumbusha mzee wetu wa kanisa. Alichukua simu ya kulipa polepole, akakosa kulipa, na simu ikajifunga akiwa mbele ya kanisa anasomea watu matangazo ya harusi. Bibi harusi hajajulikana mpaka leo, nasikia kuna wasichana wawili walishona nguo. Mutua akacheka mpaka akapita Kisaju bila kuona.

Isinya. Nilimwambia asimamishe. Mama Nashipae alikuwa kando ya ukuta wangu, mbuzi wake wakikula majani yangu bila kibali.

"Takwenya!" nikamsalimia.

"Iko!" akaitikia. "Unaenda kweli? Na ukipigiwa?"

"Nitashika. Simu inaenda na mimi."

"Na huko kuna network?"

"Wewe, Tanzania ni hapo tu. Kwani naenda mbinguni?"

Nilipangusa vumbi kwa namba kwa leso yangu, nikapanda gari.

Kajiado. Hapo tulikunywa chai. Mimi nauza mayai, kwa hivyo kila kitu hupima kwa mayai, na nikiwa kwa hiyo hoteli nilipiga hesabu ya mwisho ya nyumbani. Kenya, yai moja linakupa kredi ya kumtukana mtu anayekudai mpaka aelewe. Ukiongeza la pili unapata bando ya kuongea siku nzima, lakini ikifika saa sita usiku maneno yaliyobaki yanaoza. Nimeona maziwa ikioza, nimeona nyama ikioza. Maneno kuoza nimeona kwa simu tu. Lakini kupokea ni bure. Mtu akupigie kutoka asubuhi mpaka jioni, yako ni kusikiza tu. Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Namanga, mchana. Mutua alienda kwa vitunguu vyake, mimi nikapigiwa mihuri, nikavuka. Simu ikaanza kulialia mfukoni, ujumbe juu ya ujumbe. Nilifungua nikapata ni Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia darasa la tatu, kwa ng'ombe na mti. Nikasema ni salamu za kukaribishwa. Kumbe ndani yake walikuwa wananiambia bei.

Arusha, jioni. Elibariki alinipokea kwa magoti yamekunjwa na "shikamoo mama." Kitengela vijana hunisalimia "niaje shosho," kwa hivyo kwanza niliangalia nyuma kuona anaongea na nani. Nyumba safi, ndizi uani, mlima Meru umesimama juu ya paa kama mtu wa kudai kodi. Na mtoto! Msichana, mweusi safi, masikio ni yangu yote mawili. Nilimshika nikasahau mgongo, barabara na vitunguu.

Siku zilikuwa tamu. Asubuhi naosha mtoto, mchana napika uji wa wimbi, jioni Elibariki anarudi na mkate na kuniuliza kama nimelala vizuri, hata kama jua ndio linazama. Nilijifunza pia biashara yao ya simu. Kredi wanaita vocha, bando wanaita kifurushi. Ukiwa na laini ya kwao, yai moja linaongea huko kwao muda mrefu kuliko letu, hilo lazima niseme hata kama linaniuma kama Mkenya. Lakini ukitaka kupiga Kenya, toa trei nzima. Na laini yenyewe hawakupi hivi hivi. Wanataka alama za vidole, kama umeiba.

Halafu jioni moja Elibariki akaweka sanduku mezani. Ndani kulikuwa na simu ya kioo, inang'aa kama samaki.

"Mama, hii ni zawadi yako. Nimekuunganisha kwenye mpango wa ofisini kwetu. Huweki vocha. Unaongea, mimi nalipa mwisho wa mwezi. Na Kenya unapiga bila wasiwasi."

"Asante, mwanangu. Na nikinyamaza mwezi mzima?"

"Nalipa vilevile, mama."

"Kuku mzima kila mwezi, hata nisipofungua mdomo?"

Mwende akanikanyaga mguu chini ya meza. Zawadi ya mkwe haipigwi bei.

"Laini yangu inaingia wapi?" nikauliza.

Elibariki akakohoa. "Kwa kweli hii simu imefungwa, mama. Inakubali laini ya mkataba tu. Ile ya zamani unaweza kuiweka kwenye droo."

"Mkataba ni wa muda gani?"

"Miaka miwili."

Niliangalia mtoto. Miaka miwili atakuwa anakimbia na kuvunja vikombe. Niliangalia Mwende, naye akaangalia sufuria. Hapo nikaelewa huo mkataba ulikuwa wa kumfunga nani. Unamkatalia mkwe aje, mkwe anayekuita mama na kukununulia mkate? Nilisema asante, nikaweka sanduku juu ya kabati, na kila siku likawa linaniangalia.

Arusha, siku ya mashaka. Jioni, nilikuwa namwosha mtoto mara ya pili wakati simu yangu ndogo ililia. Namba ya Kenya, siijui. Nikampa Mwende mtoto anayetiririka maji, nikashika.

"Hallo? Mathe, habari. Naitwa Kamau. Niko hapa Isinya kwa hii ploti, nimeona namba kwa ukuta."

"Umesoma ile mistari ya juu?"

"Nimesoma. Lakini broka ananiambia mwenyewe alishakufa, watoto ndio wanauza. Kesho asubuhi nalipa deposit. Nikasema wacha nipige kwanza. Wewe ni mtoto wake?"

"Nani amekufa? Sikiza, kijana, mimi ndiye..."

Tuu, tuu, tuu. Kimya.

Kredi ilikuwa imeisha. Nilimwambia Mwende haiwezekani, ni yeye amenipigia! Mwende akaniangalia vile huwa naangalia kuku anayetafuta yai alilolalia.

"Mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba, "ukiwa nje ya nchi unalipa hata ukipokea."

"Nalipa kusikia?"

"Unalipa kusikia."

Nimeishi miaka mingi, nimelipa maji, nimelipa choo cha stendi, nimelipa kuegesha mkokoteni. Kulipa masikio yangu mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza. Na ona nilichonunua: kusikia nimekufa, halafu kukatwa kabla sijafufuka.

Mwende alitoa ile simu ya sanduku, akaiwasha. Hiyo si inapiga Kenya bila wasiwasi? Tukampigia Kamau.

"Ni mimi mwenye ploti," nikasema. "Simu ilikatika."

"Namba ya ukuta ni ingine," Kamau akasema. "Hii ni plus mbili tano tano. Nyinyi macon, matapeli wa ploti, mmezidi. Sasa mnafanyia Tanzania?"

Akakata. Tukapiga tena, ameshatufungia. Na sikumlaumu, mimi mwenyewe ningemfungia. Mtu aliyesoma ukuta anaamini ukuta.

Nikampigia Mama Nashipae kwa hiyo simu ya kioo. Yeye hakuangalia namba, alisikia sauti akaanza kupiga kelele za furaha. Nikamwambia anitumie kredi kwa laini yangu, mara moja. Akatuma. Simu ndogo ikalia, ujumbe umeingia, Mwende akanisomea: asante kwa kulipa deni lako. Ile kredi niliyokopa Kitengela ilimeza yote, haikubakisha hata ya kupiga chafya. Mama Nashipae naye ndiyo alikuwa amemaliza pesa ya simu, na maduka ya Isinya yalikuwa yanafungwa.

"Basi fanya hivi," nikamwambia. "Asubuhi peleka mbuzi kwa ploti, wote, hata wale wagonjwa. Huyo kijana akija mwambie apige namba ya ukuta. Isipoingia apige tena. Asilipe mpaka iingie. Mwambie marehemu yuko njiani."

Elibariki alirudi, akasikia habari yote.

"Mama," akasema, "pale Namanga, kabla hata ya kufika mpakani, simu zetu hukamata mtandao wa Kenya. Huwa zinatukera. Tukiondoka alfajiri tutafika."

Hakutaja mkataba. Hapo ndipo nilimpenda kabisa huyo kijana.

Barabara ya Longido, alfajiri. Tulienda mimi na yeye tu, mama mkwe na mkwe kwa gari moja, kitu ambacho bibi yangu angezimia akisikia. Yeye aliangalia barabara, mimi niliangalia simu. Milima ilipita, twiga wawili walipita, sikuwasalimia. Kila mara Elibariki aliuliza, "Bado?" Nami nasema, "Bado." Nilikuwa nafikiria mayai. Kila jiwe la ule ukuta ni trei. Nilianguka na baiskeli kwa matope ya Kitengela nikiwa na trei tano, nikalia, kesho yake nikaenda tena. Sasa mtu ataamka, anywe chai, auze jasho langu kwa sababu nimevuka mpaka kuosha mjukuu?

Namanga, upande wa Tanzania. Malori yamepanga foleni, wamama Wamaasai wanauza shanga. Elibariki akasimamisha gari kando. Nilishuka nikainua simu juu ya kichwa, nikatembea kuelekea Kenya pole pole kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Askari mmoja akaniangalia.

"Bibi, unavuka?"

"Mimi hapana. Ni simu."

Na kweli ilivuka. Ile alama ya nyumbani ikatokea kwa kioo, na kabla sijashusha mkono ikalia.

"Hallo?" Alikuwa Kamau. Nyuma yake nikasikia mbuzi, na Mama Nashipae akiita mtu mwizi kwa lugha mbili. "Mathe, hii sasa ni namba ya ukuta. Imeingia. Wewe ni nani?"

"Ni mimi marehemu."

"Mwenye ploti? Uko hai?"

"Niko hai na sijakunywa chai. Umelipa?"

"Bado. Huyu mama amenizuia na fimbo. Broka yuko hapa anasema wewe ni feki, anataka kuongea na wewe."

Broka akachukua simu, sauti tamu kama dawa ya kikohozi. "Shosh, kumbe upo! Tumefurahi. Sasa si tuelewane tu? Kuna mteja hapa na pesa taslimu. Umezeeka, ploti ya nini? Sema bei yako, hata leo."

Watu wa foleni walikuwa wameanza kusikiza. Elibariki amesimama nyuma yangu ameshika mkoba wangu kama mtoto wa shule. Nikajaza kifua.

"Siuzi, sihami, na namba ni hii."

"Lakini shosh, fikiria..."

"Si hata wewe unajua kusoma? Iko hapo nyuma yako. Rangi nyekundu."

Nikasikia Kamau akicheka, na halafu nikasikia miguu ikikimbia na mbuzi wakilia. Kamau akarudi kwa simu. "Ameenda, mathe. Asante. Ile ilikuwa pesa yangu yote ya sacco." Nikamwambia aende nyumbani akale na watu wake. Tuliongea muda, na haikunigharimu hata ganda la yai. Nilikuwa nimesimama Tanzania, nasikia kwa bei ya Kenya.

Tulikunywa chai hapo kando ya malori. Elibariki akakoroga yake mpaka ikapoa.

"Mama, ile simu nitairudisha ofisini. Bado kuna siku chache za kubatilisha mkataba."

"Umekasirika?"

"Hapana. Nimeona kwamba ile laini yako si simu."

"Ni nini?"

"Ni mlango."

Shati limechomekwa, na ndani yake kuna akili. Nilimwekea nusu ya mandazi yangu kwa sahani.

Arusha, kuaga. Nilikaa mpaka shingo ya mtoto ikakaa. Siku ya kuondoka Mwende alinishika mkono mlangoni, machozi yako karibu.

"Mwaitu, si ukae? Uza ile ploti, tukujengee chumba hapa uani. Utamwona mtoto kila siku. Huko unalinda mawe."

Hilo lilinichoma, siwadanganyi. Broka nilimjibu kwa kelele. Huyu alikuwa mtoto wangu, na mjukuu mgongoni mwake ananiangalia na masikio yangu. Nilimwambia kwamba siku moja huyo mtoto atataka mahali pa kusema ni kwao, na hatataka kukuta hapo nyumba ya Kamau. Nilimwambia nitakuja kila mwaka, nikiwa na kredi ya kutosha. Na nikamwambia, kwa sauti ndogo, ile mistari ya ukutani. Alilia, akacheka, akanifungia ndizi za safari.

Kitengela, nyumbani. Nilipita Isinya nikiwa na pikapu ile ile ya Mutua. Mbuzi wa Mama Nashipae wamemaliza majani yote, na mmoja amejisugua kwa ukuta mpaka saba ya namba yangu inafanana na moja. Nilinunua rangi siku hiyo hiyo.

Sasa wanaouliza bei nawaambia hivi. Kuongea ni rahisi kila nchi, mayai mawili matatu. Ya kulipia mwisho wa mwezi ni tamu, lakini uliza kwanza kama unaweza kuiacha. Ukivuka mpaka, lipa deni lako kabla, na usiweke mdomo wala sikio bila kuuliza. Kitu ghali ni kupatikana. Mtu anayekutafuta hatasoma mkataba wako. Atasoma namba anayoijua.

Jana jioni nilikuwa namwagia kuku maji, simu ikalia. Plus mbili tano tano. Mwende, na mtoto anapiga kelele nyuma yake. Nikaketi juu ya ndoo kusikiza, maana kwangu ni bure.

"Mwaitu, Elibariki amepata mpango mwingine. Huu simu haifungwi, unaweka laini yako yoyote. Mkataba ni mwaka mmoja tu. Na fundi amepima uani, chumba chako kitakuwa na dirisha la mlima."

"Niwekee mtoto kwa simu."

Akamweka. Alipumua kwa sikio langu, pumzi ya maziwa, halafu akasema kitu kirefu kwa lugha yake. Nilimwacha amalize. Ni haki yake. Halafu nikamjibu polepole, ili aanze kuzoea:

"Siuzi, sihami, na namba ni hii."